Moyo Uliokosea Jina

Kabiria,
Jumapili, 15 Februari 2004

Kwako Muigai,

Natumaini barua hii itakukuta umesimama wima, maana ulituambia upepo wa Loiyangalani huangusha watu wazima. Sisi huku hatujambo. Maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa, yakipenda. Mama anauliza kama blanketi lilifika. Cucu, kama nyanya wote, anauliza kama umeoa. Nimemjibu kwamba upepo haujaruhusu.

Sasa habari yenyewe. Jumatano nilikuwa mapokezi pale ofisini Hurlingham, nikiwa nimeketi tu, sijabeba hata faili, mara moyo ukaanza kwenda mbio. Ulikuwa kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi. Wakili alitoka chumbani kwake akaniona nimeshika kifua, akaniletea maji kwa mkono wake mwenyewe. Miaka sita nimemletea yeye. Tangu siku hiyo imenitokea mara nyingine mbili. Nimeziandika zote kwenye shajara, na saa zake.

Nilipomwambia Cucu, alifurahi. Sisemi alitabasamu, nasema alifurahi. Alinishika mkono akasema, "Umefika."

Wewe unajua mambo ya moyo katika nyumba hii. Cucu aliambiwa na nesi wa misheni, Baba akiwa bado mtoto, kwamba moyo wake una mlio, na tangu siku hiyo hajainua debe la maji. Kigoda chake kiko mlangoni, na akikabiliwa na jambo asilolipenda, hushika kifua na jambo hilo huisha. Mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake, basi ikajulikana kwamba nimepewa na moyo. Shuleni wenzangu wakikimbia, mimi nililinda sweta. Wewe ulipewa jina la Guka, mumewe, aliyeweza kubeba nguzo ya lango peke yake, kwa hiyo ukabeba maji yako na yangu. Ajabu ni kwamba jina Nyawira kwa Kikuyu ni mtu wa kazi, na hakuna Nyawira hata mmoja hapa nyumbani aliyewahi kufanya kazi.

Nitamwona daktari wa moyo mjini. Cucu anasema lazima aje, kwa kuwa yeye ndiye mwenye moyo.

Na wewe, umeanza mazoezi? Kozi ya marefa ni Agosti, na umeingojea nafasi hiyo miaka minne. Mama ameshawaambia watu wa kanisani kwamba mwanawe atachezesha ligi kuu. Kimbia kila asubuhi, kabla ya huo upepo kuamka. Na jino je? Krismasi ulikuwa unatafuna upande mmoja kama ngamia.

Ni mimi dada yako,
Nyawira


Loiyangalani,
14 Machi 2004

Dada Nyawira,

Barua yako ilikaa wiki mbili Marsabit ikisubiri lori la shule, na lori lilikuwa linasubiri tairi. Blanketi lilifika. Mwambie Mama hapa hatulali na blanketi, tunalalia. Lakini asante.

Jumamosi tulicheza na wavuvi. Upepo uliuchukua mpira dakika ya kumi, tukamtuma mlinda lango aufuate, na mpira ukatangulia kufika ziwani. Mwalimu Wambua, yule wa hesabu, alipiga hesabu kwamba tungehitaji malango manne badala ya mawili. Tukaahirisha.

Nimesikitika kuhusu moyo wako. Ukienda kwa huyo daktari, muulize mambo haya. Kwanza, mtu akihisi moyo umesimama kidogo kisha ukapiga teke, kama punda aliyestushwa, hiyo ni nini? Pili, mtu mwenye mlio anaweza kukimbia? Nakuulizia wewe, kwa vile najua unavyochelewa kazini. Tatu, nasikia moyo hupigwa picha. Inauma?

Jino ni hadithi ndefu. Nilipanda lori hadi Marsabit kuling'oa, siku nzima ya vumbi. Nikarudi nalo.

Kozi bado ipo.

Msalimu Cucu. Mwambie kuna mjane hapa mwenye ngamia kumi na wawili ambaye ananiangalia vizuri.

Muigai


Kabiria,
Ijumaa Kuu, 9 Aprili 2004

Kwako Muigai,

Hatujambo, na tumetoka kanisani sasa hivi. Cucu amemkataa mjane. Anasema mwenye ngamia kumi na wawili hana haja na mume, ana haja na mchungaji.

Mvua imeanza. Mwavuli wangu ulipinduka jana karibu na posta, na utaona baadaye kwa nini nakutajia mwavuli.

Tulikwenda kwa daktari mjini, mimi na Cucu, yeye amevaa lile koti la kijani la harusi ya Baba. Daktari ni mwanamke, anaitwa Mwendwa. Lifti ilikuwa mbovu, na yeye yuko orofa ya nne. Cucu alizipanda ngazi zote, akisimama kila orofa kunieleza kwamba hawezi. Tulipofika juu, mimi ndiye niliyeomba kiti.

Daktari Mwendwa alinisikiliza mbele, nyuma, nimeketi, nimechuchumaa, nimelala ubavu. Kisha akanipiga picha ya moyo. Hapana, haiumi. Unapakwa mafuta baridi kifuani, kinapitishwa kitu kama sabuni, na moyo wako unauona kwenye kioo kama televisheni. Akaangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nakunywa chai ngapi kazini. Nikahesabu, nikaona aibu, nikapunguza mbili.

"Moyo wako ni mzima," akasema. "Vali zote zinafunga. Punguza chai ya rangi, lala mapema."

Muigai, nina miaka ishirini na tisa na nimepoteza ugonjwa wangu. Nilitoka pale kama mtu aliyeibiwa mkoba.

Cucu alikataa kabisa. "Mpime tena. Huyo ni Nyawira." Daktari akasema, "Basi tukupime na wewe, Nyawira mkubwa." Na kweli, Cucu anao ule mlio. Nesi wa misheni hakukosea.

Daktari alituchorea, nami nakuandikia kama alivyosema. Moyo una vyumba vinne. Kati ya vile viwili vya kushoto kuna mlango, ndio vali, wenye vipande viwili laini. Damu ikishapita, vipande hufungika ili isirudi. Kwa watu wengine vipande hivyo ni vilegevu kidogo, na vikifungika hubinuka kuelekea nyuma, kama mwavuli uliopigwa na upepo. Hapo daktari husikia "tik". Pengine damu kidogo hupenya ikarudi, na hapo husikia "fuu". Alisema ni jambo la kawaida sana. Wengi wanalo bila kujua na watazeeka nalo. Wachache tu vali yao huvuja sana, na hao hufuatwa kwa karibu, wengine hata hupasuliwa. Alimuuliza Cucu kama utotoni aliwahi kuumwa koo kisha viungo vikavimba, kwa sababu kuna ugonjwa mwingine wa vali unaoanzia hapo, na huo si wa kuchezea. Cucu hakuwahi.

"Yako inavuja tone tu, Cucu," daktari akamwambia huku akiandika. "Si ya kukuzuia lolote. Miaka yote hii ungeweza hata kulima."

Cucu akainama juu ya meza. "Daktari, hapo pa kulima usiandike."

Sasa maswali yako. Lile teke: ni pigo linalowahi kabla ya wakati wake, kisha moyo unatulia kidogo, na pigo linalofuata linakuwa na nguvu. Mara nyingi halina hatari, lakini mtu asijiambie mwenyewe, asikilizwe. Kukimbia: wengi wenye vali hiyo hukimbia bila shida, ila wapimwe kwanza.

Lakini mimi sikukuandikia habari ya teke. Niliandika ngumi inayobisha mlango. Niliangalia kwenye shajara nilichokueleza, na punda hayumo.

Daktari alisema tena kwamba jambo hili hupita katika damu. Nilimweleza kuhusu majina. Alicheka, akafuta macho, akasema damu haijui kusoma.

Kwa nini ulirudi na jino?

Nyawira


Loiyangalani,
16 Mei 2004

Dada,

Hongera kwa kupona ugonjwa ambao hukuwa nao. Sasa utafua mablanketi, na la kwanza ni langu, nakuletea.

Hapa kuna mengi. Mbuzi wamekula wavu wa lango la kaskazini. Mwalimu mkuu ameandika barua kwa wilaya kuomba wavu mwingine, na mbuzi mmoja akaila nakala. Kidato cha pili wamefanya mtihani wa Jiografia, nikawauliza wataje ziwa moja la Kenya. Wanaliona dirishani. Mmoja akaandika Naivasha. Wambua ananunua samaki kila jioni na kukaanga mwenyewe, na jikoni kwake kuna moshi kama kwa fundi wa kuchomelea. Hapa watu wananywa kahawa nzito ajabu, wanaikaanga pamoja na maganda yake, nami nimeizoea, vikombe vitatu vinne.

Nimempa Wambua kipenga kwa muda. Ni goti. Na ile nafasi ya Agosti nimemwachia yeye, waandaaji wamekubali. Ni kijana mzuri, anastahili.

Jino halijambo.

Muigai


Kabiria,
Jumanne, 1 Juni 2004

Kwako Muigai,

Ni sikukuu ya Madaraka, ofisi imefungwa, kwa hiyo nina nafasi ya kukuandikia polepole. Mama hajambo. Bado hajui kwamba umeiacha kozi, na mimi si wa kumwambia.

Ijumaa maji yalikuja. Nilichukua mtungi wa lita ishirini, nikaujaza, nikaubeba kutoka mferejini hadi jikoni. Cucu aliniona kutoka kigodani, akapiga kelele hadi wapangaji wakatoka. "Nyawira! Unaniua!" Nikamwambia, "Cucu, mimi ndiye nimebeba." Akasema, "Na mimi ndiye ninayeona!" Mikono iliniuma siku mbili. Sikujua maji ni mazito hivyo. Ulikuwa unabeba miwili, mmoja kila mkono, ukipiga mluzi.

Goti gani? La kushoto au la kulia?

Nakuuliza kwa sababu tangu uzaliwe hujawahi kuumwa goti bila kutuonyesha kila mtu, ukikunja suruali mezani. Safari hii umelitaja kwa neno moja, nyuma ya mbuzi.

Nitakuambia ninavyofikiri, na ukiona nimekosea nicheke. Daktari Mwendwa alisema mtu mwenye vali inayovuja amwambie daktari wa meno kabla ya kung'olewa, kwa kuwa pengine atahitaji kumeza dawa kwanza, vijidudu vya mdomoni visiingie kwenye damu vikaenda kukaa katika ile vali. Kwa hiyo daktari wa meno mwangalifu hukisikiliza kifua kabla ya kushika koleo. Wewe ulisafiri siku nzima kung'oa jino lililokutesa tangu Novemba, na ukarudi nalo. Mtu hafanyi hivyo kwa kuogopa koleo. Wewe uliling'oa la kwanza mwenyewe kwa kitasa cha mlango.

Basi kuna mtu alikusikiliza, akasikia kitu.

Na wewe ukaniandikia maswali matatu ukisema unaniulizia mimi.

Sitaki kurasa tatu za samaki wa Wambua. Nataka neno moja.

Nyawira


Loiyangalani,
27 Juni 2004

Dada,

La kulia. Hapana, la kushoto. Sawa.

Ni kweli. Alinilaza kwenye kile kiti cha meno, akaweka kifaa kifuani. Akamwita mwenzake. Wakanisikiliza zamu kwa zamu, mimi mdomo wazi. Mmoja akasema, "Unasikia? Tik." Mwingine akasema, "Na ile fuu baadaye." Wakaniambia niende Nairobi nikapigwe picha ya moyo kabla ya mtu yeyote kugusa jino. Nikawaambia wamekosea mtu. Nikawaambia mimi ni Muigai, mwenye moyo ni dada yangu.

Teke nimelihisi tangu mwaka jana. Hunijia jioni nikishalala, au baada ya kahawa. Mbioni halijawahi kunikuta, na hata hivyo tangu Machi sijakimbia, ninaogopa kwamba siku hiyo ndiyo litanikuta.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Nyinyi mngefanya nini? Mngeleta kigoda cha pili. Cucu amekaa mlangoni tangu kabla hatujazaliwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikumzuia lolote, na wewe ulilinda sweta kwa ajili ya kitu ambacho hukuwa nacho. Mimi ni mtu wa kukimbia, Nyawira. Nisipokimbia nabaki mwalimu wa Jiografia ambaye wanafunzi wake wanaandika Naivasha. Nilifikiri nikikaa kimya, na daktari asiponitazama, hakuna atakayeniambia keti.

Nitakuja likizo ya Agosti. Usimwambie Cucu.

M.


Kabiria,
11 Julai 2004

Kwako Muigai,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikaenda nje kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Nimekupatia nafasi kwa Daktari Mwendwa, Jumanne tarehe 10 Agosti, saa nne asubuhi. Hadi hapo, kahawa iache. Na kama Wambua au yeyote anakupa miraa ya kutafuna, iache pia, daktari anasema vyote viwili huuchokoza moyo. Ukizimia, au ukikosa pumzi bila sababu, usingoje Agosti, panda hilo lori.

Unasema tungeleta kigoda cha pili. Ni kweli.

Cucu sijamwambia. Nimemwambia Mama. Mama hajamwambia Cucu. Cucu anajua. Juzi nimemkuta ameketi ukingoni mwa kitanda chake na kigoda kimefutwa kwa kitambaa chenye maji. Nikamuuliza kinakwenda wapi. "Kinangoja," akasema.

Kwa hiyo ujitayarishe.

Nyawira


Loiyangalani,
5 Septemba 2004

Dada Nyawira,

Nimefika salama, jino halipo. Nilimeza dawa kama Daktari Mwendwa alivyoandika, nikapitia Marsabit, na yule bwana wa koleo akalitoa huku akiniomba nimweleze picha ya moyo ilisema nini. Nilishindwa kumjibu kwa sababu alikuwa na mkono wake wote mdomoni mwangu. Wanafunzi wamepata habari, wanataka kuliona. Mjane ameolewa na mwenye lori.

Mwambie Mama asante kwa sahani za mukimo. Mwambie Cucu asante kwa kigoda. Kusema kweli siku ya kwanza ilikuwa tamu. Uji ukaja, gazeti likaja, nikanyoosha mkono kuchukua mtungi na Cucu akapiga kelele, "Weka chini! Mwacheni, huyu ndiye!" Wapangaji wote wakaja kunitazama kama mtoto mchanga. Na alivyowaeleza! Eti siku niliyozaliwa aliona masikio yangu, akasema huyu ni wangu, ila wanaume wakang'ang'ania jina la Guka. Siku ya pili niliona vizuri kutoka pale mlangoni. Niliona mfereji, nikaona lango, nikakuona wewe na mitungi. Hakuna kingine kinachoonekana kutoka pale. Sijui amewezaje miaka hiyo yote. Siku ya tatu nikatoroka nikazunguka Kabiria hadi Kawangware, kwa miguu, kama mwizi.

Tulipokuwa tukishuka ngazi kwa daktari uliniuliza alisema nini uliponiacha ndani, nikakuambia tuliongea habari za hewa. Sasa nakuambia.

Alinionyesha kwenye kioo. Ule mlango mdogo, Nyawira, unapepea. Kipande kimoja kinabinuka nyuma kidogo kila pigo, kisha kinarudi mahali pake, kinabinuka, kinarudi. Nikasema, "Huo ni mwavuli katika upepo wa kwetu." Akasema, "Ndiyo, lakini angalia, haujavunjika." Akasema uvujaji wangu ni mdogo, chumba cha moyo hakijapanuka, na nirudi kila baada ya miaka miwili nipimwe tena, hata nikijisikia mzima. Lile teke litakuwa linanijia. Akanionyesha likija, pale pale kwenye kioo, na mimi nikiwa hai ninalitazama.

Nikamwambia kuhusu kipenga. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Lifti bado ni mbovu. Shuka hadi chini, upande, ushuke, upande, halafu uje nikusikilize." Wewe ulikuwa kule mbele umeshika gazeti, ulidhani nimekwenda msalani. Nilishuka polepole. Kupanda mara ya kwanza nilikuwa nimeshika kifua kama Cucu. Mara ya pili nilisahau kukishika.

Akanisikiliza, akatoa kifaa masikioni. "Bado tik, bado fuu," akasema. "Nenda ukakimbie, Muigai. Anza kidogo kidogo."

Nilikuwa nalia kidogo, ndiyo maana nikakuambia hewa.

Nimeandika kuomba nafasi ya kozi ya Desemba.

Muigai


Kabiria,
Jumapili, 17 Oktoba 2004

Kwako Muigai,

Fupi tu, ninatoka kwenda Kangemi sokoni, na nitarudi kwa miguu na kikapu, kwa sababu naweza.

Hatujambo. Cucu amehamisha kigoda. Hataki kueleza. Sasa kiko nje ya lango, kando ya barabara, na kila siku anakwenda mpaka pale na kurudi. Jana amekwenda mpaka kwa muuza makaa. Nilipomtajia daktari akasema, "Daktari hakuandika." Lakini leo asubuhi nimemkuta na jembe dogo pale kwenye sukuma wiki. Aliponiona alilitupa chini akashika kifua.

Mama anauliza habari za ligi kuu. Nami nauliza jambo moja tu. Kipenga kiko kwa nani?

Nyawira


Loiyangalani,
28 Novemba 2004

Dada Nyawira,

Nasi huku hatujambo, isipokuwa sauti yangu, ambayo imekauka, na utajua kwa nini. Wavu mpya umefika. Wambua ameufunga juu sana mbuzi wasiufikie, na sasa mipira ya chini inapita bila kuugusa.

Wambua alifaulu kozi ya Agosti, na tangu hapo hatuna amani. Anakula chakula akionyesha kadi. Jana asubuhi alikuja chumbani kwangu na kipenga, akakiweka juu ya meza, karibu na chai yangu, ambayo ni nyepesi, usiniulize.

"Shule na wavuvi," akasema. "Saa kumi. Mimi nashika kibendera."

"Wambua, goti langu..."

"Mwalimu," akasema, "hilo goti lako linapiga kifuani, nililiona zamani. Vaa kaptula."

Basi nikachezesha. Nimekuwa nikikimbia kila asubuhi tangu Septemba, ufukweni, mwanzo hadi kwenye mashua na mwisho hadi kwenye miamba, lakini mechi ni kitu kingine, mechi haikungoji. Upepo ulikuwa mkali. Kipindi cha kwanza nilikuwa nikisikiliza ndani kuliko nje. Mvuvi mmoja alimpiga mwenzake kiwiko mbele yangu nikakosa kuona, kwa sababu nilikuwa nangoja teke.

Lilikuja. Dakika kama ya sabini, nikiwa nakimbilia pembeni. Moyo ukasimama, nikasema hii ndiyo yenyewe, kisha ukapiga teke lake la punda, na miguu yangu, Nyawira, haikuwa na habari. Ilikuwa inaendelea tu. Mpira ulikuwa umeingia eneo la hatari, mlinda lango wetu akamkumbatia mshambuliaji wao kama ndugu aliyetoka ng'ambo, nami nilikuwa pale pale, hatua tatu, ninaona kila kitu. Nikapuliza. Penalti, dhidi ya shule yangu mwenyewe.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Mwalimu mkuu alisimama juu ya kiti. Kidato cha pili wote walinizunguka. Wakasema sina macho. Wakasema nimepewa samaki. Bibi mmoja akasema nina akili ya wavu wa kaskazini. Wakataja kichwa changu, miguu yangu, kaptula yangu, na ndevu ambazo sina. Tulifungwa moja bila, na nikapelekwa nyumbani chini ya ulinzi wa Wambua na kibendera chake.

Nimekaa hapa jioni nikiyakumbuka matusi yote, moja moja, ili nikuandikie. Nimeyarudia mara mbili kuhakikisha. Hakuna hata mmoja aliyetaja moyo.

Nakuja Nairobi kwa kozi, tarehe 12 Desemba. Nitabeba maji ya Jumanne, wewe ya Ijumaa. Mwambie Cucu.

Ndugu yako,
Muigai